Baba Yangu Anaendesha Kahawa

Mama alijaza fomu ile kwa penseli kwanza, juu ya meza ambayo kwetu ilikuwa ya kulia, ya kupigia pasi na ya kufanyia hesabu za biashara. Jina langu alilijaza. Tarehe ya kuzaliwa, parokia, darasa, magonjwa niliyowahi kuugua, yote akayajaza. Mstari ulioulizia jina la baba na kazi yake akauruka, kama mtu anavyoruka kidimbwi, na kwa siku kadhaa fomu ikakaa chini ya kitambaa cha meza na pengo lake.

Ilikuwa Oktoba 1997. Tuliishi Makongeni, Thika, katika chumba kimoja ambacho mama alikigawa kwa pazia akakihesabu viwili. Mwezi huo walimu wa shule za umma nchi nzima waligoma. Sisi watoto tulishinda barabarani tukicheza kati na bladaa, tukiuombea mgomo maisha marefu. Uliisha baada ya takriban wiki mbili, serikali ilipokubali kuwaongezea mishahara kwa asilimia 150 hadi 200, na walimu wakarudi darasani wakiwa na furaha ambayo haikudumu, kwani fedha hazikutoka zote kama walivyoahidiwa na Oktoba ya 1998 wakagoma tena. Lakini mama hakungoja kuona mwisho wa mambo. Alikuwa amenihesabia siku nilizokaa bure, akajumlisha na ukweli kwamba darasani kwetu tulikuwa sabini na kitu, watatu kwa dawati, akaamua kunihamisha.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kiwandani. Thika ya utoto wangu ilikuwa mji wa king'ora: kililia asubuhi, watu wakaingia, kikalia jioni, watu wakatoka. Kulikuwa na viwanda vya nguo, vya ngozi, vya mafuta ya kupikia, vya magari, na mananasi ya Del Monte nje ya mji yaliyokwenda mpaka macho yakachoka. Mama alisimamia mashine za kusokota uzi. Miaka ya tisini ilipoanza milango ya biashara ikafunguliwa, mitumba ikamiminika, na viwanda vya nguo vikaanza kupunguza watu. Mama alipunguzwa 1996. Kwa pesa alizopewa alinunua bela moja la sweta za watoto, akaanza kuuza sokoni zile zile nguo zilizomfukuza kazini. Hakuwahi kuliona hilo kuwa jambo la kuchekesha. Mimi nilipokua nikamwonyesha, akanijibu kwamba hakuna mtu aliyewahi kula kwa kukasirikia sweta.

Habari za shule ya masista alizipata hapo hapo sokoni. Ilikuwa upande wa Ruiru, ndani ya mashamba ya kahawa. Shule ya wasichana watupu, ya bweni kuanzia darasa la nne. Mteja wake mmoja alikuwa na binti huko ambaye, kwa maneno ya mama, aliongea Kiingereza kama redio. Mteja huyo huyo ndiye aliyeshusha sauti akamwambia kwamba masista hawapokei mtoto asiye na baba. Nani alisema? Soko lilisema. Mama, ambaye angeweza kubishana na mwenye duka la jumla nusu saa kwa ajili ya shilingi tano, hakuuliza swali hata moja juu ya jambo hilo.

Alikuwa na sababu. Cheti changu cha kuzaliwa, pale panapokaa jina la baba, kilikuwa na herufi X zimepangwa kama mishono ya gunia. Hayakuwa matusi ya karani. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo kilikataza jina la mwanamume kuandikwa kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, isipokuwa yeye na mama waombe pamoja, au pawepo ushahidi kwamba walioana. Mwanamume asipotokea, X. Ni Mei 2016 tu, mimi nikiwa na miaka 28, ambapo Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Nairobi aliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 1997 X zilikuwa X, na kila aliyekiona cheti kile alijua zinasema nini.

Suluhisho lilikuja siku ya Jumapili, limevaa gambuti. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa dereva wa trekta katika shamba la kahawa huko Ruiru. Aliishi kwenye laini za wafanyakazi, na mke na watoto watano walikuwa nyumbani Kangundo. Sisi watoto tulimwita Anko. Mama alimmiminia chai, akamwekea fomu mbele na kumwonyesha pengo. Mjomba alisoma polepole, midomo ikicheza. Kisha akasema, "Jina letu la mwisho si ni moja?"

Lilikuwa moja, kwa sababu baba yao alikuwa mmoja. Mama alitumia jina la babu, mjomba alitumia jina la babu, na mimi, kwa kukosa lingine, nilipewa hilo hilo. Ukituandika sisi watatu karatasini tulikuwa familia safi kabisa: baba, mama, mtoto. Mama alifanya ishara ya msalaba, akachukua kalamu ya wino.

Kuhusu masomo sikuhangaika sana. Jirani yetu alikuwa mwalimu, na siku za mgomo hakuwa na la kufanya, kwa hiyo mgomo ulionifungia shule ndio ulionipatia tuisheni. Alinifundisha kusema kwa Kiingereza jina langu, umri wangu, rangi, wanyama, na kazi za watu. Mama naye alinifundisha kumwita Anko "baba". Hilo ndilo lililokuwa gumu. Tulifanya mazoezi jioni. Yeye mwenyewe alitakiwa kumwita "baba watoto", na kila alipojaribu alibanwa na kicheko hadi sufuria ikaungua.

Siku ya intaviu ilikuwa Jumamosi ya Novemba. Wanaokumbuka mwaka ule watakumbuka mvua: El Nino ilikuwa imeanza, madaraja yalibebwa, barabara ya Mombasa ilikatika, na jina lile la Kihispania likageuka la Kiswahili kabisa, hata kelele za watoto zikaitwa elnino. Tulipanda matatu Thika alfajiri. Juja tuliipita tukiwa tumefunga madirisha, tukashuka Ruiru, ambapo mjomba alitungojea chini ya kibaraza cha duka.

Alikuwa amevaa koti la rangi ya majivu kutoka kwenye bela la mama. Lilimkaa vizuri, ila lilikuwa bidhaa. Jumatatu lilitakiwa kurudi kwenye henga. Kwa hiyo siku nzima mjomba hakuegemea kitu. Alikaa kitini wima, mikono hewani kidogo, na nadhani hiyo ndiyo iliyompa heshima mbele ya watu. Mtu angesema ni mkurugenzi.

Kutoka barabara kuu hadi shuleni tulitembea. Ni udongo mwekundu ule, ukinyeshewa unashika mguu kama deni. Tulibeba viatu katika mfuko wa nailoni, tukapita katikati ya mikahawa iliyokuwa ikidondosha maji, na langoni tukanawa miguu kwenye mfereji kabla ya kuvaa. Nyuma yetu yalikuwa yakiingia magari, na kutoka kwenye magari walikuwa wakishuka wasichana ambao miguu yao haikuhitaji kunawishwa.

Mtihani wa kuandika siukumbuki sana. Kulikuwa na hesabu za kugawanya, Kiingereza, Kiswahili. Ninachokumbuka ni dawati. Kwa mara ya kwanza maishani nilipewa dawati la peke yangu, na sikujua pa kuweka viwiko. Nilijibana pembeni, kama nilivyozoea, nikaacha nafasi ya wawili ambao hawakuwepo. Mwalimu aliyekuwa akisimamia alikuja akanisogeza katikati kwa mikono yote miwili, bila neno.

Kisha tukaitwa ofisini, sisi watatu. Sista Mkuu alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alianza na mimi, kwa Kiingereza. Jina? Nikasema. Umri? Tisa. Baba yako anafanya kazi gani? Hapo nilikuwa na jibu tayari, neno moja tu, dereva, lakini mwalimu wangu wa mgomo alikuwa amenionya kwamba masista wanapenda sentensi kamili. Nikatafuta sentensi. Nikamwambia, kwa Kiingereza nilichokiunga mwenyewe, kwamba baba yangu anaendesha kahawa.

Sista aliweka kalamu chini. Hakucheka, ila miwani ilipanda kidogo. Akaniuliza kahawa hiyo inakwenda kasi gani. Nikasema polepole, kwa sababu ya matope.

Mpaka leo naamini hilo ndilo lililonipitisha. Mjomba haamini hivyo. Yeye hudai, au alikuwa akidai, kwamba ni koti.

Halafu Sista akawageukia wakubwa, akahamia Kiswahili. Aliuliza mambo ya karo, mama akajibu. Aliuliza mambo ya kanisa, mama akajibu. Kisha, kwa kumchangamsha mzee aliyekaa kimya bila kuegemea, akamuuliza, "Na watoto ni wangapi, mzee?"

"Sita, Sista," akasema mjomba.

Alikuwa amewajumlisha wake watano na mimi. Alikuwa mtu mkweli, na swali aliloulizwa lilikuwa la kweli. Lakini kwenye fomu, mahali pa ndugu, mama alikuwa ameandika kwamba sina. Sista alitazama karatasi. Akamtazama mjomba. Mama alitazama picha ya Bikira Maria ukutani kama anayemwomba ashuke asaidie.

"Hapa naona mmoja," akasema Sista.

Mjomba alimeza mate. Angeweza kusema amekosea. Angeweza kusema ni watoto wa ndugu yake. Badala yake alisema, "Wale wengine ni wa mke wa kwanza, Sista."

Kimya kikaingia ofisini. Mitara, ndani ya shule ya masista. Niliona mkono wa mama ukikaza mkoba. Mjomba naye alisikia alichokisema, na kwa haraka ya mtu anayefunga breki mlimani akaongeza, "Ni marehemu."

Basi ndivyo mke wa mjomba alivyofariki. Asubuhi ile, wakati anakata roho Ruiru, alikuwa Kangundo akipalilia mahindi, na alikuwa hajaugua hata mafua.

Sista aliinamisha kichwa. Alisema pole sana, mzee. Akauliza jina la marehemu, mjomba akalitaja, maana jina lilikuwa moja tu alilokuwa nalo mdomoni. Sista akaliandika pembeni ya fomu. Akasimama kutuaga, akatutazama tena wote wawili, kaka na dada, pua ile ile, paji lile lile la babu, akasema, "Lakini nyinyi mnafanana sana."

"Watu husema hivyo," akasema mjomba.

Tulitembea kimya mpaka lango likapotea nyuma ya mikahawa. Hapo mama aliketi juu ya jiwe lenye maji, na gauni lake la kanisani, akacheka mpaka akalia. Mjomba hakucheka. Alisimama mvuani na koti la kuuza likiwa limekunjwa kwapani, akirudia, "Nimemzika mama watoto. Nimemzika na mimi mwenyewe." Jumatatu koti liliuzwa.

Barua ilifika kabla ya Krismasi, katikati ya kelele za kampeni za uchaguzi wa Desemba 29. Nimepokelewa. Nyuma yake kulikuwa na orodha ya vitu, na orodha ile ndiyo iliyommaliza mama kuliko karo: sanduku la bati, kofuli, godoro, blanketi mbili, ndoo, sare, slipa, karatasi za choo, dawa ya viatu. Chama chake cha sokoni kilimpa zamu ya pesa ambayo haikuwa yake. Sanduku lilitengenezwa na mafundi wa jua kali hapo Thika, na fundi alipouliza aandike jina gani kifunikoni, mama akamtajia majina yangu matatu, la mwisho la babu. Aliyapaka kwa rangi nyeupe. Rangi ile haijabanduka mpaka sasa. Sanduku liko kwangu, naweka ndani vyeti.

Januari 1998 mvua ilikuwa haijakoma. Kwenye njia ya matope magari ya wazazi wengine yalikwama moja baada ya jingine, moshi na matusi. Sisi tulifika juu ya tela la trekta, mimi nimeketi juu ya sanduku, mama ameshika mwavuli, mjomba usukani na gambuti zake. Njiani alivuta magari mawili kwa mnyororo. Sista Mkuu alikuwa amesimama kibarazani akipokea wasichana. Alilitazama trekta lile lenye nembo ya shamba la kahawa, akanitazama mimi, akasema kwa Kiingereza kwamba kumbe kweli inakwenda polepole.

Sasa niseme jambo ambalo lilinichukua muhula mzima kuligundua. Bwenini kwetu tulilala wanane katika chumba. Usiku, taa zikishazimwa, wasichana huongea. Mmoja akasema baba yake aliyekuja siku ya kutembelewa ni babu yake. Mwingine akasema wake ni bosi wa mama. Wa tatu akanong'ona kwamba hana yeyote, kwamba mama yake aliandika fomu hivyo hivyo na pengo, akaja peke yake, na akapokelewa. Nililala nikiwa macho. Mama yangu alikuwa ameolewa na kaka yake karatasini na kumuua wifi yake, kwa sababu ya sheria ambayo huenda haikuwahi kuwepo. Soko lilisema, na soko halikuwahi kuulizwa.

Sikumwambia mama wakati huo. Nilimwambia nikiwa kidato cha tatu, akanyamaza kidogo, akasema, "Ningeulizaje? Kuuliza kungekuwa kujibu."

Kila Novemba, mwezi wa marehemu kwa Wakatoliki, tuligawiwa vipande vya karatasi kuandika majina ya waliofariki katika familia zetu, yakawekwa kapuni mbele ya altare na kuombewa. Sista alipita mwenyewe kati ya viti. Akifika kwangu alisimama. "Na mama yako mkubwa," alisema, "usimsahau." Nami niliandika jina la Anti, mke wa mjomba, kwa mwandiko mzuri, huku mkono ukitetemeka, maana niliogopa karatasi ile isije ikamfikia Mungu akaishughulikia. Nililiandika Novemba tano, kuanzia 1998 hadi 2002. Uso wa Sista haukuwahi kunipa jibu. Kuna miaka naamini alidanganyika kweli, na kuna miaka naamini hicho ndicho kitubio alichonipangia.

Nilifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2002. Miezi miwili baadaye, Januari 2003, serikali mpya ya Kibaki ilifuta karo katika shule za msingi za umma, na watoto wakajaa madarasani kote nchini. Mama alisikia tangazo hilo redioni akiwa anahesabu deni lake la chama. "Wangeniambia mapema," akasema, akaendelea kuhesabu.

Siku hizi napita Ruiru karibu kila wiki. Barabara kuu ile sasa ni pana, ilifunguliwa rasmi Novemba 2012, na kutoka Makongeni hadi Ruiru, usipokutana na foleni, huwezi kumaliza hadithi. Mji wenyewe umefura: sensa ya 2019 iliikuta Ruiru na watu zaidi ya 490,000, wakati Thika, iliyokuwa kaka yake mkubwa, ilikuwa na 251,000 na kidogo. Kahawa imepungua sana. Maelfu ya ekari zilizokuwa mikahawa sasa ni Tatu City, na ndani yake kuna shule za binafsi zenye mabasi yao na viwanja vya nyasi.

Mwaka juzi nilimwombea binti yangu nafasi katika shule moja ya upande huo. Fomu ilikuwa ya kujaza kwenye simu. Haikuulizia baba. Ilisema mzazi au mlezi wa kwanza, kisha mzazi au mlezi wa pili. Kwa kwanza nikaandika jina langu, kwa pili jina la mama yangu, nikabonyeza, ikakubali. Nilikaa na simu mkononi kama mtu aliyesukuma mlango kwa bega akakuta haukufungwa.

Mjomba alifariki 2011. Baada ya mazishi, Kangundo, tulipokuwa tumeketi na wanawake jikoni, ndipo nilipomsimulia Anti habari nzima, kutoka "sita, Sista" hadi kapu la Novemba. Alinisikiliza bila kuacha kuchambua maharagwe. Akataka kujua ni misa ngapi. Nikamwambia miaka mitano. Akasema, "Basi ndiyo maana siugui," na akaniagiza niongeze kuni.

Ana miaka themanini kasoro moja sasa. Februari iliyopita alivuna magunia manne ya mahindi.